Kabla ya Ramani, Niambie Maji Yanatoka Wapi

Wasee, leo tuongee kuhusu hizi hadithi mnaandika. Si kwa ubaya. Mimi husoma karibu kila kitu mnachonitumia, na mnanitumia vitu: falme zilizofichwa nyuma ya milima, miji ya mwaka 2200, visiwa vya majoka, sayari ambazo watu wake wana macho ya zambarau. Ramani imechorwa safi, mito ina majina, mfalme ana ukoo wa vizazi tisa. Halafu nasoma kurasa 40 na hakuna mtu hata mmoja amechota maji.

Hakuna, manze. Jeshi la watu 10,000 linakata jangwa siku tatu na sioni mtungi. Malkia anaoga kila asubuhi kwenye kasri lililo juu ya mwamba, na siambiwi ni nani aliyepanda na hayo maji mgongoni. Mwandishi amemaliza wiki mbili akitafuta jina la upanga, lakini hajajiuliza wanakijiji wanakula nini kati ya kupanda na kuvuna.

Maoni yangu ni haya, na niko tayari tubishane: msomaji haanzi kuamini dunia yako ya kubuni kwa sababu ya ramani ama bendera ama lugha uliyoitunga. Anaanza kuamini akiona kila kitu ndani yake kina bei, na kuna mtu anailipa. Na bei yenyewe haipunguzwi kwa sababu mhusika mkuu ni beshte yako.

Wacha nieleze kwa kutumia nyumbani, kwa sababu ndiko najua. Natoka Mbumbuni. Kwa wale hamjui, na najua ni wengi, ni soko upande wa Mbooni Mashariki, Kaunti ya Makueni. Ukizidi kushuka mashariki utafika Mto Athi, na ng'ambo ya Athi ni Kitui. Mito midogo ya kwetu haina maji. Yaani inayo, lakini yako chini. Ukienda mwezi wa Septemba utaona kitu kama barabara pana ya mchanga, mizizi imening'inia kando, mbuzi wanakatiza katikati bila wasiwasi. Mgeni atasema mto umekauka. Mtu wa kwetu anachukua jembe, anachimba, anangoja, na maji yanaanza kujikusanya taratibu kwa shimo. Anayateka na kikombe, kikombe baada ya kikombe, mpaka mtungi wa lita 20 ujae. Punda anabeba mitungi minne. Hiyo ni zaidi ya kilo 80, na kurudi nyumbani ni kupanda mlima.

Sasa angalia. Kutoka kwa hicho kitu kimoja tu, mto unaoficha maji yake, unaweza kujenga dunia nzima na usibuni kitu kingine hata kimoja.

Maji yanajikusanya polepole, kwa hivyo kuna foleni. Kuna foleni, kwa hivyo kuna mtu anaamka saa kumi alfajiri ili awe wa kwanza, na kuna mwingine anajua huyo wa kwanza ni nani, alikuja na nani, na kwa nini siku hizi haji na dadake. Hiyo foleni ndiyo redio. Ndoa zinavunjika pale kabla wenyewe hawajajua. Shimo lazima lizungushiwe matawi ya miiba ili ng'ombe wasilichafue, kwa hivyo kuna mtu wa kukata miiba, na kuna ugomvi kuhusu nani aliondoa tawi. Mwenye punda ana heshima. Asiye na punda anaazima, na akiazima analipa kwa kulima. Maji ya kuogea yanafulia, ya kufulia yanamwagiwa mwembe. Utajiri haupimwi kwa gari, unapimwa kwa bati la paa, mifereji yake, na ukubwa wa tangi lililo pale chini. Ukimkaribisha mgeni na kikombe cha maji mwezi huo, umempa kitu, na yeye anajua umempa kitu.

Ni nani amenitajia mfalme hapo? Hakuna mfalme. Na tayari una watu unaowajua.

Unataka mwovu? Usimtafutie pembe. Nairobi inajengwa kwa mchanga, na mchanga mwingi umetoka kwenye mito ya Ukambani. Lori linaingia mtoni usiku. Vijana wanalipakia kwa sepetu, wanalipwa pesa mkononi, usiku huohuo. Mchanga ukiondoka, hakuna kitu cha kushika maji, mvua inapita tu kuelekea bahari. Kwa hivyo kijana anapakia lori usiku, na mamake asubuhi anachimba shimo refu kuliko la mwaka jana. Wanakula chakula kimoja, kilichonunuliwa na zile pesa. Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na kabla ya hapo watu walishapigana kwa sababu ya huo mchanga. Niambie kama kuna mwandishi wa majoka ametunga kitu kizito kuliko hicho, mtoto anayeuza kitu kinachomnywesha mamake, na wote wawili wana sababu.

Kuna na mabwawa ya mchanga. Watu wanajenga ukuta wa zege kukatiza mto mkavu. Mvua ikinyesha, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na ndani ya ule mchanga kunabaki maji ambayo jua haliyafikii. Kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wake inaweza kuwa maji. Yaani unasimama juu ya bwawa na viatu vyako havijalowa. Ukiandika hiyo kwenye hadithi ya sayari nyingine, watu watakwambia una akili sana. Na kazi ya kuujenga inafanywa na mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana, leo kwako kesho kwangu. Usipokuja utasemwa, na jina likishasemwa kwa foleni ya maji halirudi.

(Kaaside kadogo kuhusu misimu, kwa sababu hii hunikera. Shuleni tulifunzwa mvua ndefu ya Machi mpaka Mei ndiyo kubwa. Ukambani, ile tunaiamini zaidi ni ya Oktoba mpaka Desemba. Mahindi, kunde, pojo, mbaazi, matumaini yote yanawekwa pale. Mtu akiandika hadithi ya kwetu ambapo wakulima wanasherehekea mvua ya Aprili kama ndiyo mwisho wa shida, najua aliangalia kitabu cha jiografia na hakuuliza susu wa mtu. Ukibuni dunia, jua mwaka wake unaanza lini. Si kwa kalenda. Kwa tumbo.)

Kuna mtu alishafanya hii kitu na akaifanya vizuri. Wanuri Kahiu, Mkenya, alitoa filamu fupi mwaka 2009 inaitwa Pumzi. Ni kama dakika 20 tu. Dunia yake iko miaka 35 baada ya Vita vya Maji, watu wanaishi ndani, nje ni kufa. Hakuna anayekaa chini kukuhutubia kuhusu historia ya hiyo vita kwa nusu saa. Unaona tu mtu akigeuza jasho na mkojo wake kuwa maji ya kunywa, unaona watu wakifanya mazoezi kwa mashine ili umeme upatikane, unaona kidonge cha kuzuia ndoto. Umeshaelewa serikali ni ya aina gani. Ndiyo maana Asha anapopata udongo wenye unyevu na kuamua kutoka nje na mbegu, unashika kiti. Unajua kila tone lilikotoka, kwa hivyo unajua anapoteza nini akimwagia mbegu.

Bajeti yake haikuwa ya Marvel. Hiyo ndiyo inanifurahisha.

Na kwa sababu nimetaja Marvel, mtaniuliza Wakanda. Niliipenda, tusidanganyane. Kuchagua Kixhosa kiwe lugha ya pale kulifanya kazi kubwa, mahali palisikika kama mahali. Lakini mpaka leo siwezi kukwambia mama mboga wa Wakanda anapata ngapi kwa siku. Vibranium inafanya kila kitu, inaponya, inaendesha treni, inashona nguo, na kitu kikishafanya kila kitu, mimi huanza kusinzia.

Rudi nyumbani. Wengi wetu tulijengewa dunia za kubuni na mtihani wa KCSE, sijui kama mmewahi kuwaza hivyo. Tomoko ya Ken Walibora kwenye Kidagaa Kimemwozea. Cheneo ya Timothy Arege kwenye Mstahiki Meya. Sagamoyo ya Pauline Kea kwenye Kigogo. Tulizikariri mpaka zikatuchosha. Lakini jiulize ni nini unakumbuka. Ukiniamsha usiku kuhusu Kigogo, sitakwambia kuhusu hotuba. Nitakwambia soko la Chapakazi lilifungwa, na watu waliokuwa wanauza pale hawakuwa na pa kwenda. Soko likifungwa nahesabu bila kuambiwa: nani hatauza, nani hatakula, nani atakopa. Cheneo ninakumbuka takataka ambazo hazikuzolewa. Waandishi wetu walijua hii kanuni vizuri sana. Shida yangu ni vile tulifunzwa kuzisoma. Swali la kwanza darasani lilikuwa Sagamoyo inawakilisha nchi gani, Majoka anawakilisha kiongozi gani. Tukatoka shule tukidhani dunia ya kubuni ni fumbo, ukishatoa jibu unaitupa. Ndiyo sababu ukiambia kijana wa Kenya atunge nchi, anatunga rais mwizi na kijana mwanaharakati, basi, amemaliza. Hajafikiria gari la kwanza linatoka stendi saa ngapi.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikuwa na Aburĩria, ile nchi ya Mũrogi wa Kagogo. Kuna mtawala anayetaka kujenga mnara wa kufika mbinguni, sawa, hiyo ni kejeli. Lakini kitu kilichonishika mimi ni foleni. Watu wanapanga foleni kutafuta kazi, na foleni inakua na kukua mpaka inakuwa kiumbe chenyewe. Mkenya yeyote aliyewahi kupeleka karatasi kwa ofisi anaamini hiyo foleni kabla hajaamini uchawi wa kitabu. Na akishaamini foleni, uchawi unapita nyuma yake bila kuulizwa kitambulisho.

Sasa nije kwa kitu kinachoniuma.

Kuna dunia ya kubuni hapa Kenya inayoaminika kuliko Wakanda na Sagamoyo ukiziweka pamoja. Inaitwa Ukambani. Si ile yetu. Ni ile ya skiti. Mnaijua: kila nyanya ana kamuti, mwizi akiiba kuku anaganda na kuku mkononi, bwana akienda mpango wa kando harudi na mwili wote, na wote wanaongea lafudhi moja ambayo mimi sijawahi kuisikia kwa mtu wa ukweli. Ina sheria zake, zinarudiwa kila wiki, hazibadiliki. Kwa ufundi, mtu anaweza kusema imejengwa vizuri. Na watu wanaishi ndani yake. Mwaka wangu wa kwanza chuoni Nairobi nilipika muthokoi ya sufuria nzima, nikakaribisha watu wa chumba. Mmoja akacheka, akasema si nitakuwa nimemwekea kitu. Tukacheka wote. Halafu akavaa viatu akaenda kununua chipsi. Alikuwa anatania, nilijua anatania, lakini hakula.

Kwa hivyo mtu asiniambie hadithi ni hadithi tu. Hiyo hadithi ilinibakishia muthokoi ya siku tatu, na najua wenzangu walionyimwa vitu vikubwa kuliko kuliwa chakula chao.

Ila hata kwa ufundi, nikiiangalia vizuri, ile dunia inavuja. Ichukue uipeleke mtoni. Kama kila nyanya wa Ukambani ana uwezo wa kugandisha mwizi akiwa kilomita 200, mbona bado anaamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya maji? Mbona asiuamuru mto? Mwenye skiti hawezi kujibu kwa sababu hajawahi kumwona huyo nyanya akifanya kitu kingine chochote. Hapiki, hadaiwi, hana magoti yanayouma. Uchawi wake ni wa bure, na mtu mwenye uwezo wa bure hahitaji jirani, hahitaji mwethya, hahitaji punda. Si mtu tena, ni kitu cha kuchekesha.

Linganisha na hadithi ambazo Wakamba wenyewe wameshika. Pale Kitui kuna Mwamba wa Nzambani, jiwe kubwa limesimama peke yake. Wazee husema ukilizunguka mara saba unabadilika, mwanaume anakuwa mwanamke, mwanamke anakuwa mwanaume. Ona vile hiyo imejengwa. Kuna hesabu, saba. Kuna kutembea kwa miguu, na hilo jiwe si dogo. Hakuna anayemaliza raundi ya saba kwa bahati mbaya, kwa hivyo hadithi yote iko kwa raundi ya sita: unasimama ama unaendelea? Hiyo ni sentensi moja ya kijiji na ina nafasi ya kuingiza riwaya nzima.

Ama Syokimau, nabii wetu. Masimulizi yanasema aliona nyoka mrefu anayetema moshi akitambaa kutoka baharini, na watu wa rangi ngeni wanaobeba moto mfukoni. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi 1899. Leo kuna kituo cha treni chenye jina lake, kilifunguliwa 2012, na watu wanapita pale wakiangalia simu. Mimi kinachonivutia kama mtu wa kuandika ni chaguo la neno. Nyoka. Hakuwa na neno la treni kwa hivyo akachukua mnyama ambaye kila mtu anamjua, anayejulikana kwa kuingia bila hodi. Nyinyi mnaoandika mwaka 2200 mnanijazia leza na hologramu na majina ya kampuni. Watu wa dunia yenu wangeviita nini wakiwa jikoni, wakiwa wamechoka? Mtu haiti kitu jina lake refu nyumbani kwake.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kidato cha tatu, wa huku kwetu, alinitumia hadithi ya chombo cha angani kikitua New York. Mhusika anaitwa Ethan. Nikamuuliza mbona kisitue Mbumbuni. Akajibu haraka sana, Mbumbuni hakuna kitu. Nikamwambia sawa, lakini kikitua, kitatua wapi? Akafikiria. Kwetu ni milima na matuta ya mashamba, hakuna uwanja. Akasema basi ni kwa mto, pale kwa mchanga, ndiyo mahali pekee tambarare. Nikamuuliza saa ngapi. Alfajiri. Nikamwambia basi kuna foleni.

Akanyamaza kama siku mbili. Halafu jumbe zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Chombo kimefunga njia ya punda. Lori la mchanga lilikuwa pale kinyume cha sheria na sasa haliwezi kutoka, na dereva anaogopa chifu kuliko anavyoogopa wageni wa angani. Kuna mzee anadai pale kilipotua ni mbele ya shamba lake kwa hivyo walipe. Watoto wameshaanza kuuza maembe kwa watu waliokuja kuona.

Na kitu ambacho singekifikiria mimi: kile chombo kilikuwa moto sana, mchanga chini yake ukayeyuka, ukawa kioo. Maji bado yako pale. Unasimama juu yake unayaona, unaona hata vile yanasogea, lakini hakuna kikombe kinachoyafikia. Mitungi imepangwa pembeni, jua linatoka, na hakuna mtu ameshaongea na hao wageni hata neno moja kwa sababu kila mtu anaangalia chini.

Ethan hayuko tena. Jana usiku nimetumiwa sura ya pili. Susu wa mhusika amefika na nyundo.